Kufuli la faili ni imara, anayebanwa ni mwenye ufunguo

Tuseme mkulima wa Ntobeye, wilayani Ngara, ana orodha kwenye simu yake: majina ya wanakijiji wanaolalamikia mgawo wa mbolea ya ruzuku. Faili amelifunga kwa AES, mfumo wa usimbaji uliopitishwa Marekani mwaka 2001. Dola ikiyataka majina hayo, itayapata? Kwa kuvunja hesabu, hapana. Ufunguo mfupi kabisa wa AES una biti 128, na idadi ya funguo zinazowezekana ina tarakimu 39. Hakuna kompyuta itakayozijaribu zote. Mwaka 2008 polisi wa Brazil walikamata diski za mwanabenki Daniel Dantas, zikapelekwa hadi FBI, zikarudi zikiwa bado zimefungwa. Lakini wengi wetu tunaulinda ufunguo huo mkubwa kwa namba ya siri ya tarakimu nne, ambayo ina michanganyiko 10,000 tu, na mara nyingi ni mwaka wa kuzaliwa. Tena namba hiyo imo kichwani mwa mtu, na mtu huitwa kituoni.

Hapo ndipo penye udhaifu. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kumwamuru yeyote mwenye data aitoe kwa ajili ya upelelezi, bila kwanza kupita kwa hakimu. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kuwataja watumiaji wa mtandao wake. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi: faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Hakuna aliyehitaji kuvunja fumbo lolote.

Wapo watakaosema Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na wavusha silaha nao wana simu. Ni kweli, na hofu hiyo naiheshimu. Ila polisi mwenye ushahidi wa silaha hashindwi kumweleza hakimu kwa nini anataka faili fulani la mtu fulani. Anayeshindwa ni yule anayetaka orodha ya walalamikaji wa mbolea. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano; Bunge lirekebishe kifungu cha 32 ili amri itoke mahakamani, kwa maandishi, ikitaja kosa linalochunguzwa.