Kura Isiyoonekana kwa Macho



Ndugu wapendwa, hapa Pemba tunawasikia vijana, Wakristo kwa Waislamu, wakisema kuwa dawa ya chaguzi zetu ni kura ya mtandaoni: mtu apige kura kwa simu yake, foleni ziishe, na wizi ukome. Kiu yao ya haki tunaiheshimu. Dawa yao tunaikataa.

Huitaja Estonia, iliyoanza kura ya intaneti mwaka 2005. Na mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura za ubunge zilipigwa kwa njia hiyo. Ni kweli. Lakini Ujerumani, taifa la mafundi, ilifika kwingine. Mwaka 2009 Mahakama yake ya Katiba ilizikataa mashine za kura zilizotumika mwaka 2005, ikisema kwamba raia wa kawaida sharti aweze kuzihakiki hatua muhimu za uchaguzi bila kuhitaji utaalamu maalumu. Na jirani zetu wa Kenya? Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva za tume zifunguliwe zikaguliwe. Amri haikutekelezwa ipasavyo, na uchaguzi wa rais ukabatilishwa.

Sasa tujitazame wenyewe. Mwaka 2015 kura zetu zilikuwa za karatasi. Zilihesabiwa vituoni mbele ya mawakala, na matokeo yakabandikwa watu wakayasoma. Hata hivyo, Oktoba 28 mwenyekiti wa Tume aliufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Je, karatasi ndiyo iliyokosa? Hasha! Karatasi ndiyo iliyobaki kuwa shahidi. Kura ingekuwa ndani ya seva, mwananchi wa Micheweni angeshika nini mkononi?

Tena, Oktoba 29, 2025, siku yenyewe ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchini. Tutawezaje kuikabidhi kura kwa waya ambao mkono wa mwenye mamlaka waweza kuukata?

Injili ya Yohane, sura ya 3, yatufundisha kuwa atendaye maovu huikimbia nuru. Basi tusiihamishe kura kutoka mezani, penye taa na macho ya watu, tukaitia gizani kwa jina la maendeleo. Uaminifu haununuliwi pamoja na kompyuta. Tudai kwanza tume iliyo huru, daftari safi la wapiga kura, na hesabu ifanywayo hadharani. Ugonjwa wetu ni wa dhamiri. Wino na karatasi havina hatia.

Mungu awabariki nyote.