Warufiji Wana Midomo Yao, Jamani!

Kuna sentensi moja nimeichoka. "Tunawapa sauti." Utaisoma kwenye maandiko ya miradi ya kampuni za dijitali za hapa Dar, hasa zile zinazofukuzia fedha za wafadhili. Kijana wa Mikocheni mwenye kompyuta nzuri na ndege nyuki anashuka Nyamisati, anapanda boti, anakaa delta ya Rufiji siku tatu. Anapiga mikoko picha kutoka angani, anamrekodi bibi mmoja akipepeta mpunga, anarudi mjini na kuweka muziki wa kinanda. Tayari, watu wa delta wamepewa sauti! Hebu niambieni, kwani walikuwa mabubu?

Mwaka 1997 serikali iliikubalia kampuni iitwayo African Fishing Company kujenga mabwawa ya kufugia kambamiti katika delta hiyo hiyo, maelfu ya hekta, wakati NEMC, baraza lake lenyewe la mazingira, lilikuwa limeshauri vinginevyo. Wanavijiji hawakuwa na mnara wa simu wala tovuti. Walikwenda mahakamani. Waandishi wa mazingira wa JET na wanasheria wa LEAT wakapiga kelele pamoja nao. Si kila mwanakijiji alipinga, wapo waliotaka ajira, na hilo nalo ni sauti. Ila mabwawa yale hayakujengwa. Sasa wewe uliyezaliwa mwaka ule unakwenda kuwafundisha kusema?

Wakati mwingine picha nzuri ya angani ni silaha. Wajerumani waliitangaza mikoko ya delta kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1898, na tangu hapo mkulima wa mpunga wa huko anaishi kama mgeni kwake. Ukitazama kutoka juu, shamba lake ni tundu kwenye msitu. Ramani haisemi kwamba babu yake alilima hapo, wala kwamba shamba likichoka linaachwa na mikoko inarudi. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Beymer-Farris na Bassett, waliandika kwamba simulizi za aina hiyo zilitumika kuhalalisha kuwaondoa Warufiji ili misitu iingie kwenye mipango ya kaboni. WWF ilikanusha vikali. Mimi sikuitwa kuamua kesi hiyo. Ninachowauliza wenye ndege nyuki ni hiki: zile picha mnampa nani, na mwenye shamba anajua?

Naona mtu anataka kusema "basi tuwaache bila teknolojia". La hasha. Rufiji yenyewe ina mfano mzuri kuliko chochote nilichosoma kwenye slaidi zenu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuja mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Canada. Kuanzia mwaka 1998 wahojaji walipita nyumba kwa nyumba katika sehemu ya wilaya, kila miezi minne, kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, na kafa kwa nini. Takwimu hizo hazikuishia kwenye majarida ya Ulaya. Zilichorwa kwa michoro rahisi na kuwekwa mbele ya timu ya afya ya wilaya, watu wanaopanga bajeti, wakaona wenyewe kwamba malaria inaua sana na inapewa kidogo. Wakabadili bajeti. Baada ya mwaka 2000 vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kwa asilimia 40 hivi ndani ya miaka michache. Si takwimu peke yake zilizofanya kazi hiyo, kulikuwa na vyandarua, mafunzo, na fedha ya nyongeza. Lakini taarifa ilirudi kwa mwenye kalamu ya kugawa hela, naye alikuwa Utete, si Geneva.

Hata pale, tuseme kweli, uamuzi uliishia wilayani. Mama aliyehojiwa miaka nenda rudi, je, alikuwa na pa kuitazama takwimu ya kijiji chake? Hapo ndipo kampuni yenye akili ingeanzia.

Kuna suala la lugha pia. Sarufi kubwa ya Kindengereko ninayoifahamu iliandikwa na Eva-Marie Ström na kutolewa Gothenburg, Sweden, mwaka 2013. Kwa Kiingereza. Kazi nzuri, namheshimu. Lakini kampuni ngapi za Dar zinazoandika "ujumuishi" kila ukurasa zimewahi kumlipa mzee wa Kibiti, kumlipa nasema, si kumpa soda, arekodi maneno ya lugha hiyo kwa simu ya mjukuu wake?

Na neno lenyewe "jamii asilia" mlitumie kwa tahadhari. Wafadhili wakilisikia wanawaza Wahadzabe na Wamasai. Rufiji ina Wandengereko, Warufiji, Wanyagatwa, na pia ina wafugaji waliosogea huko na ng'ombe baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007. Ukija na programu ya kuorodhesha "wenyeji" bila kuuliza orodha itatumikaje, unatia kiberiti kwenye ugomvi wa wakulima na wafugaji kisha unarudi Dar kulala.

Halafu kuna woga. Kati ya 2015 na 2017 watu waliuawa Kibiti mmoja baada ya mwingine, viongozi wa vijiji na askari, wanane wa polisi kwa siku moja Aprili 2017. Azory Gwanda wa Mwananchi aliyekuwa akiziandika habari hizo alichukuliwa Novemba 21, 2017, na hajaonekana tena. Kwa hiyo ukimwekea mtu wa huko kamera usoni akikaa kimya, usiandike kwamba "hana uelewa". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka umweleze taarifa zake zinakwenda wapi. Sahihi ya dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza si maelezo.

Mnataka kazi? Aprili 2024 mafuriko yalizamisha nyumba na mashamba, Rufiji na Kibiti. Wazee wa bonde hili walijua kuishi na maji, walijenga madungu na kulima mlau maji yakishuka, mpaka Operesheni Rufiji ya 1968 ikawahamisha. Sasa huko juu kuna Bwawa la Nyerere, na mto haufuati tena kalenda yao. Mtu wa Muhoro anataka kujua leo yanafunguliwa maji kiasi gani, kwa sauti, kwa simu ya vitufe, kabla hayajafika shambani. Tengenezeni hicho. Ajirini vijana wa Salale na Mbuchi, kwa mkataba na mshahara, si "kujitolea". Nywila na umiliki viandikwe kwa jina la serikali ya kijiji tangu siku ya kwanza, na mkataba usomwe mkutanoni kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile sehemu inayosema kampuni yenu inabaki na shilingi ngapi.