Viazi vimejaa barabarani, mbona unga wa ngano bado unatutoa jasho?

Juni hii, ukipita barabara ya Mwanza hadi Shinyanga, viazi vitamu vimepangwa mafungu mafungu kando ya lami. Mnunuzi akifika na fuso, bei anaipanga yeye. Hatua chache kutoka hapo, kwenye kibanda cha chai, mama anayekaanga maandazi analalamikia bei ya unga wa ngano na sukari. Cha shambani kimeshuka, cha dukani kimekataa kushuka. Ndiyo maana wasikilizaji wengi wa kipindi cha asubuhi wanauliza: tukichanganya viazi kwenye maandazi na chapati, tutapona?

Jibu fupi ni kwamba tutapona kidogo. Jibu refu lina faida zaidi, na redioni halikutosha.

Tuanze na ngano. Tanzania inalima ngano sehemu kama Hanang' na Njombe, lakini sehemu kubwa ya tunayokula inaingia kwa meli. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya ngano duniani ilipaa, na mpika maandazi wa Magu, ambaye hana ugomvi na mtu yeyote huko, akajikuta analipa. Kilo ya unga tunayonunua kijijini imebeba ndani yake bei ya dola, nauli ya meli na mafuta ya lori. Kiazi chako hakina hayo yote. Kwa hiyo wazo la kupunguza ngano si la kuchekwa.

Shida iko kwenye hesabu, na hapa watu wengi wanadanganyana. Utasikia kwamba ukiweka viazi vya kuponda nusu kwa nusu, unga utatumia nusu. Sivyo. Kiazi kilichochemshwa ni maji kwa sehemu kubwa. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, katika kilo moja kitu kikavu ni kama robo kilo tu. Vyeupe vyenye unga vinaweza kufika theluthi. Maji yanayobaki yanachukua nafasi ya maji ambayo ungetia kwenye donge, si nafasi ya unga.

Chukua mama anayekanda kilo 3 za unga kila asubuhi. Akitia karibu kilo 2 za viazi lishe vilivyopondwa, ataokoa kama nusu kilo ya unga bila kupunguza idadi ya maandazi. Akijaribu kuokoa kilo nzima kwa njia hiyo, donge litageuka uji mkononi. Nusu kilo kwa siku 26 za biashara ni kilo 13, yaani nusu ya mfuko wa kilo 25 na kidogo juu. Ongeza sukari atakayoipunguza, kwa sababu kiazi kina utamu wake. Ni pesa, lakini si ya kujengea nyumba.

Ukitaka kujaribu: chemsha viazi na maganda yake, menya, ponda vikiwa bado vya moto hadi mabonge yaishe, kisha acha vipoe kabisa kabla ya kutia hamira. Changanya na unga kwanza, halafu ndipo uongeze maji kidogo kidogo, maana pengine hutahitaji. Moto uwe wa wastani. Maandazi ya viazi yanabadilika rangi haraka, na asiyejua atayatoa yakiwa mabichi katikati. Chapati nazo zinakuwa laini na hazikauki upesi hadi jioni.

Sasa njoo kwenye michembe, maana kwa maoni yangu faida kubwa iko huko. Bibi zetu wa Usukuma walikata viazi vibichi vipande vyembamba wakavianika, hiyo ndiyo michembe. Waliochemsha kwanza, wakakata na kuanika, walipata matobolwa ya kutafuna na chai. Majani ya kunde yalipikwa yakakaushwa yakawa nsansa. Vijana wa leo wanaiona kama chakula cha shida. Lakini mwanika michembe ameshayatoa maji kwa jua la bure, na kilichobaki, ukikisaga na kuchekecha, ni unga. Huo unakaa mahali pa ngano kilo kwa kilo.

Una mpaka wake. Unga wa viazi hauna ule mvuto wa ngano unaofanya andazi livimbe, kwa hiyo ukizidisha unapata mawe. Anza na sehemu moja kwa nne za ngano. Kwa yule mama wa kilo 3, hiyo ni gramu 600 kila siku, karibu kilo 16 kwa mwezi. Kilo moja ya michembe inataka kilo 3 hadi 4 za viazi vilivyomenywa, kwa hiyo mwezi mzima unamhitaji aanike kati ya kilo 48 na 64. Ni viazi ambavyo sasa hivi vinatoka kwa bei ya kutupa, na michembe yake inaweza kusubiri hadi Januari, mwezi ambao nyumba nyingi hazina kitu shambani na watoto wanataka madaftari.

Kuhusu viazi lishe, tusichanganye mambo. Utafiti wa viazi hivi ulimpa Robert Mwanga wa Uganda na wenzake Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na sababu yake ni vitamini A. Juni na Desemba ndiyo miezi ambayo watoto wa miezi 6 hadi chini ya miaka 5 hupelekwa kituoni kupata matone yake. Kiazi cha rangi ya chungwa kinasaidia katikati ya miezi hiyo, hasa kikiliwa na karanga au mafuta kidogo. Lakini jua na muda ghalani vinaiharibu vitamini hiyo. Kwa hiyo vya rangi ya chungwa wape watoto vikiwa vipya, vyeupe ndivyo uanike. Na ukitaka marando ya Kabode au Ejumula kwa msimu ujao, muone afisa ugani wa kata mapema, kabla kila mtu hajamkimbilia.

Kuanika nako kusichukuliwe kirahisi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi, na kuvu hupenda chochote kilichohifadhiwa kikiwa na unyevu. Anika juu ya kichanja au turubai safi, si chini ambapo kuku wanapita. Ingiza ndani kabla umande haujashuka. Kipande kikivunjwa kitoe mlio, kikipinda, bado. Chenye madoa ya kuvu usikisage ukidhani moto utakitibu.

Linabaki jambo ambalo halipikwi jikoni. Katika nyumba nyingi anayeanika ni mama, na anayesema viazi vyote viuzwe leo ni baba. Fuso likishafika uwanjani, hakuna anayekumbuka Januari. Tena vinauzwa kwa lumbesa, gunia lenye kilemba juu, wakati Sheria ya Vipimo inaikataza na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Ule mzigo wa juu ya mdomo wa gunia unaondoka bila kulipiwa. Pima magunia matano ya mavuno yako kwa mizani ya kijiji, jumlisha kilichozidi kilo 100 kwa kila moja, halafu gawa kwa 4 uone ni kilo ngapi za michembe zimepanda fuso bure.