Goma: Fimbo haimfundishi mtoto wa mbwa kuacha kutafuna vitu

Katika parseli nyingi za Goma, mtoto wa mbwa anashitakiwa makosa yaleyale: ametafuna kambambili za mgeni, ametoboa bidoni ya maji, au amepasua shitingi iliyofunika kibanda cha familia iliyokimbia vita. Hukumu yake nayo inajulikana: kwanza fimbo, kisha kamba fupi shingoni, na mwisho anabebwa usiku na kutupwa mbali na nyumba.

Hukumu hiyo haifai. Haiokoi kiatu wala shitingi, tena inauachia mtaa mbwa mwoga au mkali mahali penye watoto wengi. Kinachofaa ni kazi ndogo ya kila siku, ambayo hata familia isiyo na franka moja mfukoni inaweza kuifanya.

Wapo watakaouliza kwa nini watu wazungumzie mbwa wakati wenyewe hawajapata chakula. Swali ni la haki, na jibu lake liko katika hasara. Tangu kambi zilizozunguka Goma zilipoondolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, familia nyingi za wakimbizi wa ndani ambazo hazikuweza kurudi kwao zinaishi katika parseli za watu wengine. Wanalala kwenye vibanda vya mbao na shitingi juu ya mawe ya volkano, bila kabati, bila rafu, mara nyingi bila mlango unaofungwa. Kila kitu kinakaa chini, na mtoto wa mbwa anafika popote palipo chini.

Kwa mtu mwenye nyumba nzima, kiatu kilichotafunwa ni hasira ya asubuhi moja tu. Kwa mama aliyekimbia, hicho ndicho kiatu pekee cha mtoto anayekwenda shuleni. Bidoni ya litri 20 ni maji ya siku nzima. Shitingi iliyotobolewa Septemba inaingiza mvua hadi Desemba. Kadi ya mpiga kura, ambayo katika nchi hii ndiyo kitambulisho cha wengi, ikitafunwa pembeni inaweza kumletea mwenyewe shida kila anapoulizwa karatasi zake. Kwa hiyo meno ya mbwa mdogo ni habari ya mali ya watu maskini, wala si mchezo wa matajiri.

Kwanza ieleweke kwa nini anatafuna. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Kuanzia karibu miezi 4 meno hayo yanaanguka, na hadi kufikia miezi 7 hivi anakuwa na meno 42 ya ukubwani. Katika muda huo fizi zinamwasha na kumuuma, na kutafuna kunampa nafuu, kama mtoto mchanga anayeota meno anavyouma kila anachoshika. Zaidi ya hayo, mbwa hana mikono: akitaka kujua kitu ni nini, anakijua kwa mdomo. Hata baada ya meno kukamilika anaendelea kutafuna, mara nyingi hadi apite mwaka mmoja na nusu, kwa sababu ana nguvu nyingi na hana kazi. Na mbwa anayekula mara moja kwa siku, mabaki ya bugali basi, atatafuna pia kwa njaa. Mdogo wa umri huo anahitaji chakula kidogokidogo mara tatu kwa siku.

Sasa fimbo inafanya nini hapo? Mbwa anaunganisha adhabu na kile anachokifanya katika sekunde hiyo. Mwenye mbwa anaporudi kutoka sokoni saa kumi na kumpiga kwa kiatu kilichotafunwa saa nne, mbwa hajifunzi habari ya kiatu. Anajifunza kwamba mtu akirudi nyumbani kuna maumivu. Wengi wanasema: "Lakini anajua amekosa, tazama alivyoinamisha kichwa na kuficha mkia." Huko si kukiri kosa. Ni woga wa sauti na wa mkono ulioinuliwa. Mbwa aliyepigwa hivyo ataendelea kutafuna, ila atajificha nyuma ya nyumba. Akikua, mkono wa mtoto unaomkaribia ghafla atauona kama fimbo, na atauma.

Kamba fupi nayo haisaidii. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa mahali pamoja analimbikiza nguvu. Akifunguliwa jioni, anavamia kila kitu kwa mara moja. Wengine wanatafuna kamba yenyewe na kuimeza.

Dawa ina sehemu tatu, na zote tatu zinakwenda pamoja.

Ya kwanza ni kuinua vitu. Msumari kwenye ubao, kamba iliyovutwa chini ya paa, kikapu kilichotundikwa: hivyo vinatosha. Viatu vitundikwe usiku. Kadi, jetoni za mgawo na daftari za shule viingie katika mfuko wa plastiki na kuning'inizwa juu ya kimo cha mtu. Waya za umeme na za sola zipitishwe juu, kwa sababu mbwa akiuma waya wenye umeme anaweza kufa papo hapo. Mawe ya redio yaliyokwisha nguvu, dawa za binadamu na sumu ya panya visiachwe chini hata kidogo. Kwa shitingi, sehemu inayopeperuka karibu na udongo ndiyo inayomwita mbwa. Ikikandamizwa kwa mawe au kufukiwa, haichezi tena na upepo, na mbwa anaisahau.

Ya pili ni kumpa kitu chake cha kutafuna. Kipande cha kitenge kilichochakaa, kikisokotwa, kikafungwa mafundo matatu na kulowekwa katika maji baridi, kinapoza fizi vizuri. Kikianza kutoa nyuzi kiondolewe, asizimeze. Karoti mbichi nzima, kama zile zinazoshuka sokoni kutoka Kibumba, inafaa pia. Anayeweza kupata kwa muuza nyama mfupa mbichi wa goti la ng'ombe, mkubwa kuliko mdomo wa mbwa, ampe kwa dakika kama 20 mbele ya macho yake, kisha auchukue.

Lakini si kila mfupa unafaa. Mfupa uliopikwa unavunjika vipande vyenye ncha, na ule wa kuku ndio mbaya zaidi. Gunzi la mahindi, ambalo watu wengi wanamtupia mbwa bila kufikiri, halimeng'enywi tumboni na linaweza kuziba utumbo. Kokwa ya embe na ya avoka ni vilevile. Mtoto wa mbwa anayetapika mara kwa mara, anayekataa chakula na ambaye tumbo limemvimba, apelekwe haraka kwa mganga wa mifugo. Kumnywesha mafuta kwa nguvu kunaweza kuyaingiza mapafuni.

Kuna kosa jingine linalofanywa kwa nia njema: kumpa kiatu cha zamani achezee. Mbwa hajui kiatu cha zamani na kipya. Anajua harufu ya ngozi na ya mguu wa mtu. Aliyepewa kiatu kibovu Jumatatu amekwisha kuruhusiwa kutafuna kile cha Jumapili.

Akikutwa na kitu cha watu mdomoni, asikimbizwe. Kukimbizwa kwake ni mchezo, na kesho atakichukua tena ili akimbizwe. Asivutwe pia, maana kitu kitapasuka. Abadilishiwe: kichwa kimoja cha sambaza kikiwekwa mbele ya pua yake, ataachia kiatu mwenyewe. Kisha apewe kile kitenge chake na asifiwe kwa sauti nzuri anapokitafuna. Baada ya wiki chache za kufanya hivyo bila kuchoka, anaanza kutambua kilicho chake na kisicho chake. Watu wote wa nyumba wafanye namna moja. Baba akibadilisha na kijana akipiga, mbwa hajifunzi lolote.

Dawa ya kienyeji ya kupaka pilipili kwenye viatu ina madhara, kwa sababu inawaka machoni mwa mbwa na machoni mwa mtoto atakayegusa kiatu hicho baadaye. Mafuta ya taa na tumbaku ni sumu.

Ya tatu ni kumchosha. Asubuhi aongozane kwa kamba na anayekwenda kuchota maji. Chakula chake kisimwagwe chote mahali pamoja. Kikitawanywa kidogokidogo kwenye majani au kati ya mawe, atanusa na kutafuta kwa muda mrefu, na kutumia pua kunamchosha kama kukimbia. Akilala, watoto wamwache. Mtoto wa mbwa analala zaidi ya nusu ya siku, na aliyenyimwa usingizi anauma ovyo, kama vile mtoto wa mtu asiyelala anavyolia ovyo.

Jambo gumu zaidi katika parseli za Goma lakini si mbwa. Ni watu. Mara nyingi mbwa ni wa mwenye parseli, na hasara ni ya mgeni. Mwenye parseli anasema mgeni anaacha vitu ovyo. Mgeni ananyamaza, kwa sababu amepewa mahali pa kulala na anaogopa kufukuzwa. Ukimya huo ndio unaozaa chuki, na siku moja mbwa anakutwa amekufa kwa sumu bila mtu kusema aliyemuua.

Haki hapa ni rahisi kuieleza. Mgeni hana mahali pa kutundika, basi mwenye parseli ampe ubao na misumari. Mgeni naye atundike. Mbwa akiharibu kitu cha mgeni, mwenye mbwa akitengeneze au akilipe, hata kidogokidogo. Na mbwa anayelinda kibanda cha mgeni usiku anastahili mabaki ya chakula ya nyumba zote mbili. Mapatano ya namna hiyo yanaweza kufanywa kwa jioni moja, na wakishindwana chefu wa avenyu anaweza kuwasikiliza kabla ya mambo kuharibika.

Kumtupa mbwa, kwa upande wake, kunahamisha tu shida na kuikuza. Mbwa aliyetupwa akiwa na miezi mitano, akiwa hai, anaishi kwenye takataka za soko, hana chanjo, na anazaa wengine wasio na chanjo. Hapo ndipo kichaa cha mbwa kinapopata njia. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mtoto wa mbwa anaweza kuchanjwa kuanzia miezi mitatu, kisha chanjo inarudiwa jinsi mganga wa mifugo atakavyopanga.

Familia zijue pia tofauti. Mbwa mdogo mwenye afya anatafuna, anachoka, anakula na kulala. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayeuma mawe, miti na udongo, anayetoka mate mengi, ambaye sauti yake imegeuka au anashindwa kumeza, huyo hachezi. Mtu asitie mkono mdomoni mwake akidhani amekwamwa na mfupa. Watoto waondolewe na mganga wa mifugo au chefu aitwe. Aliyeumwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Wakubwa nao wana sehemu yao. Mashirika yanayogawa shitingi na bidoni yanaweza kuongeza misumari na kamba ya kutundikia, vitu vya bei ndogo vinavyolinda vya bei kubwa. Wanaohusika na mifugo, wanapofanya kampeni ya chanjo, waitangaze mapema redioni na wafike hadi mitaa ya pembeni, ambako familia zilizohama ni nyingi na nauli ya kupeleka mbwa mjini haipo.

Yaliyobaki yako mikononi mwa wenye nyumba. Kipindi kibaya zaidi cha meno hakizidi miezi minne. Familia itakayokivuka kwa msumari, kitenge kilichofungwa mafundo na subira, itabaki na viatu vyake na mlinzi wa usiku asiyeogopa watu wa nyumbani. Itakayotumia fimbo italipa kiatu leo, na kesho itaogopa kumwacha mtoto wake karibu na mbwa huyohuyo.