Tusiutupe Upishi Wetu, Tuutie Kipimo

Ugonjwa wa sukari umekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, kutoka Kibokoni mpaka Kuze, na mimi ni mmoja katika wanaomeza dawa zake kila asubuhi. Mtu akishaambiwa na daktari kwamba anao, jamaa zake humwambia mambo mawili. Mmoja humwambia: acha wali, acha mahamri, acha nazi, kula kabichi ya kuchemsha. Mwengine humwambia: wewe kula tu, siku zikifika zimefika, na mwacha mila ni mtumwa. Kwa maoni yangu wote wawili wamepotoka.

Wa kwanza amesahau kwamba mtu hawezi kula kama mfungwa umri wake wote. Atavumilia mwezi mmoja, kisha ataiendea halua kwa siri. Wa pili ameisahau mila yenyewe. Qurani, katika Suratul Aaraf, imeturuhusu kula na kunywa, na papo hapo ikatukataza israfu. Na chuoni tulisomeshwa hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyopokewa na Tirmidhi, kwamba matonge machache yamtosha mtu, na asipoweza basi tumbo aligawe mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Kipimo, basi, hakikuletwa na hospitali. Ni chetu tangu zamani.

Wengi wetu twadhani adui ni sukari ya kikoponi peke yake. Lakini wanga nao ukishafika tumboni hugeuka sukari. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4. Kikombe cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi. Kwa hivyo anayekunywa chai isiyo sukari kisha akala mahamri manne, hajajikinga na kitu.

Sasa tutazame sahani zetu. Mahamri ni unga mweupe. Mbaazi zina wanga pia, lakini zina na nyuzi na protini zinazoifanya sukari ipande polepole. Basi tugeuze hesabu: hamri moja, mbaazi nyingi za tui jepesi, na katika kukanda, iliki izidi na sukari ipungue. Biryani yetu wali wake huwa mbali na masala yake, kwa hivyo mpakuaji aweza kumpa kila mtu kwa hali yake: huyu wali tele, yule wali kidogo na kachumbari nyingi. Pilau haina nafasi hiyo, hapo ni kuhesabu matonge. Wala kile kiazi cha ndani ya masala kisisahauliwe, nacho ni wanga.

Hesabu hii haiwi moja kwa watu wote. Msukuma mkokoteni wa Markiti ahitaji nguvu asizozihitaji mzee akaaye barazani. Na mwenye kutumia insulini, au baadhi ya vidonge, akipunguza wanga ghafla bila ya kumwambia daktari, sukari yaweza kumshuka mpaka akazimia.

Ramadhani ndiyo mtihani mkubwa. Mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji na tende huwekwa pamoja, na karibu vyote ni wanga. Mgonjwa na achague kimoja baada ya tende yake, kisha samaki na mboga. Kabla ya mwezi kuandama amwone daktari, kwani wako ambao kufunga ni hatari kwao, na Suratul Baqara imewapa wagonjwa ruhusa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 wasema mfungaji akipima akakuta sukari iko chini ya 3.9, au imepita 16.6, afungue hapo hapo.

Lililobaki ni la wenyeji. Kwetu ukarimu ni kumshurutisha mgeni: “Ongeza, au chakula chetu kibaya?” Mgeni hula kwa haya, na kesho yake ni yeye anayeumwa. Tumeona waliokatwa miguu na waliopofuka kwa maradhi haya. Mwenye kumpenda mgeni wake na amuulize kabla ya kutia upawa: “Nikupakulie kiasi gani?” Naye akijibiwa kidogo, apakue kidogo, wala asinune.