Gari Kuukuu Halina Kosa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika kitabu chetu cha mwaka huu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa kwa vicheko kila tunapokutana, nalo ni gari langu. Wengi wenu mnalifahamu. Ni Volvo V70 la mwaka 2002, lile refu la rangi ya kijani, lenye tabo, na lenye kiti cha nyuma kabisa ambacho watoto hukaa wakitazama kule wanakotoka. Baadhi ya vijana wetu walio watu wazima leo walipanda kiti kile wakiwa wadogo. Nililinunua mwaka 2010 likiwa na maili 96,000. Leo mita yasoma 243,000.

Katika mkutano wetu wa kiangazi ndugu mmoja alisimama akasema kuwa ni aibu kwa familia zilizokaa Silver Spring na Hyattsville miaka mingi hivi kuonekana na magari ya namna hiyo, na kwamba gari kuukuu ni hatari. Watu walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa na jambo la kukiri ambalo si la kusemwa mbele ya sahani za pilau. Nalisema hapa.

Kwanza nieleze tabo ni kitu gani, maana wako wanaodhani ni pambo la vijana. Moshi unaotoka katika injini hauachwi upotee bure. Huzungusha gurudumu dogo, nalo husukuma hewa nyingi ndani ya injini, hata injini ndogo ikapata nguvu za injini kubwa. Gurudumu hilo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake hauna kinga ila utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua au ikichakaa, tabo haina maisha.

Sasa kisa chenyewe. Mwezi wa Novemba 2019 mama mkwe alikuwa akikaa kwetu. Ikaja simu kutoka Tanga kwamba kaka yake ni mgonjwa mahututi. Tukampatia tiketi ya ndege ya asubuhi kutoka Dulles kupitia Addis Ababa. Tulitoka nyumbani mapema, tukaingia Beltway. Kabla hatujalifikia daraja la mto Potomac, gari likakosa nguvu, na nyuma yetu ukatanda moshi wa buluu. Nikalisogeza kando ya barabara. Tulipofika Dulles kwa gari la kukodi, abiria walikwisha kuingia na mlango umefungwa. Nafasi nyingine ilipatikana baada ya siku mbili. Mama alipofika Tanga, kaka yake alikuwa amezikwa jana yake.

Hakunilaumu. Aliporudi kwetu, siku moja tukiwa jikoni, aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, ile sauti ya mluzi garini, na wewe ulikuwa ukiisikia, au ni masikio yangu tu?"

Nilikuwa nikiisikia. Kwa muda wa wiki tatu tabo ilipiga mluzi mkali kila nilipokanyaga mafuta, nami niliongeza sauti ya redio. Oili sikuwa nimeibadilisha kwa maili 11,000. Nilikuwa na kazi mbili, na kila wiki nilijiambia kuwa nitalitazama Jumamosi ijayo. Baadaye nikawaambia watu kwamba gari limenisaliti kwa sababu ya uzee. Ndugu zangu, huo ulikuwa uongo.

Fundi alitaka dola 1,900 kwa tabo iliyokarabatiwa pamoja na kazi yake. Jamaa wengi wakanishauri nilitupe nichukue mkopo. Nilikwenda kutazama gari jipya. Malipo yalikuwa dola 480 kila mwezi kwa miaka 6, maana yake gharama ya fundi haikufika hata malipo ya miezi 4. Lakini si hesabu hiyo tu iliyonirudisha. Niliona kwamba uzembe ule ule ningeingia nao katika gari jipya, nami ningelipia juu yake.

Tangu siku hiyo nabadilisha oili kila maili 5,000, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nachomoa kile kijiti nikaipima. Nikitoka barabara kuu sizimi injini papo hapo. Nasubiri dakika moja tabo ipoe, kwa maana injini ikizimwa oili husimama, na ile iliyobaki ndani huungua ikawa masizi. Mkanda wa taimingi nimeubadilisha mara mbili, maili 105,000 na maili 210,000. Ukikatika huo, vali hugongana na pistoni, na injini imekwisha. Ukaguzi wa moshi wa Maryland, ambao huja kila baada ya miaka miwili, gari hupita.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda East African Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Na wanaodhani tabo haistahimili shida wakumbuke kuwa Toyota Celica yenye tabo ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Lakini kila kituo walikuwapo mafundi waliofungua boneti.

Wala sisemi kila mtu anunue gari kuukuu. Asiye na nafasi ya kulitunza, afadhali achukue dogo lisilo na tabo. Tena gari langu halina zile breki za siku hizi zinazojikanyaga zenyewe. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, hilo ni jambo la kupima. Ninachokataa ni kulipa gari kosa la mwenye gari.

Basi natoa rai mbili. Kwanza, kila mwaka mwezi wa Aprili tuwe na Jumamosi moja ya kukagua magari yetu pamoja, mapya na makuukuu, na vijana wa kike na wa kiume wafundishwe kupima oili. Pili, mtu wetu yeyote anayesafiri kwa ajili ya ugonjwa au msiba asipelekwe Dulles na gari moja peke yake. Liwepo la pili nyuma yake. Orodha ya madereva ikiandikwa, jina langu liwe la kwanza, na gari langu liwe lile la nyuma.

Ni mimi ndugu yenu,
Silver Spring, Maryland