Mwili Hausomi Daftari

Miongoni mwa imani zilizoenea upesi katika miji ya Afrika Mashariki tangu simu janja ziwe za kila mtu, ipo moja inayovaa joho la sayansi ilhali kiini chake ni hofu: kwamba mtu aliyekwisha kufikia uzito wenye afya hawezi kubaki nao asipohesabu, kila siku na kila mlo, kalori anazokula. Imani hiyo ilipata msemaji hodari hivi karibuni katika kipindi kimoja cha asubuhi cha redio, ambapo mshauri wa lishe, alipoulizwa na msikilizaji ni lini hesabu hiyo inaweza kukoma, alijibu kwamba itakomea kaburini, kisha akaipigilia kauli yake msumari kwa methali isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali ni njema, na wenye maduka wanaijua thamani yake. Kosa ni kuitoa dukani na kuipeleka tumboni, kana kwamba tumbo ni ghala na chakula ni bidhaa inayoingia na kutoka kwa risiti.

Kalori, kwa maana inayotumika katika elimu ya lishe, ni kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Wanasayansi huiita kilokalori, na mazungumzo ya kila siku yamekikata kichwa cha neno hilo. Istilahi yenyewe haikuzaliwa jikoni, kwa kuwa ilitumiwa kwanza Ufaransa katika mihadhara ya Nicolas Clément kuhusu joto, mnamo miaka ya mwanzo ya 1820, na ilichukua miongo mingi kufika mezani. Aliyeifikisha huko zaidi ya wengine ni mkemia wa Marekani, Wilbur Atwater, ambaye katika miaka ya 1890, akiwa Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimbo la Connecticut, aliwaweka watu ndani ya chumba maalumu cha kupimia joto la mwili, akapima walichokula na walichotoa, na kutokana na kazi hiyo ukapatikana wastani unaotumika hadi leo: kalori 4 kwa gramu ya protini, 4 kwa gramu ya wanga na 9 kwa gramu ya mafuta. Mwaka 1918 daktari Lulu Hunt Peters wa California alichapisha kitabu kilichouzwa kwa wingi mno, akiwafundisha wasomaji wake kukitazama chakula kama tarakimu, na tangu hapo mlaji amekuwa karani wa tumbo lake mwenyewe, bila mshahara wala likizo.

Hoja inayoiangusha imani hii ni nyepesi, nayo inahusu ukubwa wa kosa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Mtu aliyeongezeka kilo 2 kwa mwaka mzima, ambaye hakuna jirani atakayeona tofauti wala fundi cherehani atakayelalamika, amezidisha kalori 15,400 katika siku 365, yaani kalori 42 kwa siku, ambazo ni sawa na theluthi ya kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia. Hiyo ndiyo saizi ya kitu ambacho daftari linadai kukilinda. Ikiwa daftari haliwezi kuziona kalori 42, haliwezi kuulinda uzito, na swali la pekee lenye maana ni kama linaziona.

Jibu ni kwamba haliwezi kuziona hata likishikiwa taa. Nchini Marekani, ambako ndiko dini hii ya hesabu ilikoanzia, mamlaka ya chakula na dawa inavumilia chakula cha pakiti kuwa na kalori zinazozidi kwa asilimia 20 zile zilizoandikwa kwenye lebo. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia hiyo ni kalori 400, karibu mara kumi ya zile 42 anazozisaka. Kufanya hivyo ni kupima kipini cha dhahabu kwa mizani ya magunia ya mkaa, kisha kumgombeza sonara kwamba hakuwa makini. Isitoshe, kwa hesabu ya waumini wenyewe, kosa la kalori 400 kila siku lingemwongezea mwandikaji kilo 19 kwa mwaka mmoja, na baada ya miaka mitano hangeweza kupita mlangoni. Kwa kuwa waandikaji wengi wanapita milangoni bila taabu, inabidi kukiri kwamba yuko mlinzi mwingine anayefanya kazi usiku na mchana wakati daftari linapokea sifa.

Mlinzi huyo anajulikana. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua leptini, homoni inayotolewa na seli za mafuta na kuupelekea ubongo habari za akiba iliyopo mwilini, na tangu hapo zimeelezwa homoni nyingine zinazoamsha njaa au kuituliza. Mwili pia hubadili kasi ya umetaboli, yaani jumla ya shughuli za kikemia zinazogeuza chakula kuwa nguvu na tishu, ili kupunguza pengo kati ya kinacholiwa na kinachotumika. Mlinzi huyu ana udhaifu wake, lakini anashughulika na chakula chenyewe, wakati daftari linashughulika na uvumi kuhusu chakula.

Neno uvumi halijatumika kwa utani, kwa maana ukurasa wa mapato katika daftari hilo umejaa makisio tangu mstari wa kwanza. Mwaka 2012 watafiti wa idara ya kilimo ya Marekani walipima lozi katika miili ya watu wanaokula, wakakuta kwamba gramu 28 hutoa takribani kalori 129, ilhali kanuni za kawaida zilitabiri kati ya 160 na 170, kwa sababu sehemu ya mafuta hubaki imefungiwa ndani ya kuta za seli na kutoka nje bila kutumika. Wali uliopoa una wanga mgumu kumeng'enywa kuliko wali ulioepuliwa sasa hivi, kwa hiyo hata kiporo kinamkosoa karani. Majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2008, na yale ya Kenya ya mwaka 2018, ni kazi zinazostahili heshima, lakini jedwali hutoa wastani na halijapata kukutana na mkono wa mpishi. Mama ntilie anapoinamisha kidumu cha mafuta juu ya kikaango akiwa anazungumza na mteja mwingine, kijiko kimoja kilichozidi ni kalori 120, karibu mara tatu ya zile 42, nacho hakitaandikwa popote.

Hali huwa mbaya zaidi pale chakula kinapoliwa kama kinavyoliwa na watu wa pwani. Katika sinia la pilau la harusi walilozunguka watu wanne, mhesabu mwaminifu itamlazimu awaombe wenzake watatu wasimamishe matonge yao, apime sinia zima kabla na baada, atoe mifupa, akisie viazi vilivyokwenda upande wa shemeji, kisha agawanye kwa nne huku akijua kwamba mmoja wa wale wanne ana mkono mrefu. Programu ya simu haina mahali pa kuandika mkono mrefu. Wanaoiamini hupata njia mbili tu, ama kudanganya katika maandishi au kukataa mwaliko, na wapo wanaoanza kuiona njia ya pili kuwa ndiyo afya.

Ukurasa wa matumizi nao hauna nafuu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima matumizi ya nishati ya Wahadza, wawindaji na wakusanyaji wa chakula wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa kuwanywesha maji yenye atomu maalumu zinazowezesha kukokotoa nishati inayotumika kwa siku nyingi mfululizo. Watu hao hutembea kilomita nyingi kila siku, lakini baada ya tofauti za ukubwa wa miili kuzingatiwa, jumla ya nishati waliyotumia haikuzidi ile ya Wamarekani na Wazungu wanaoshinda vitini. Mwili, kwa maneno mengine, haujumlishi kazi kama mashine ya keshia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya kuvaa mkononi, na hata kile kilichofanya vizuri zaidi katika kukadiria nishati kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Na kwa kuwa vimetajwa vifaa hivyo, inafaa kukumbusha kwamba hatua 10,000 za kila siku, ambazo watu huzikamilisha kwa kuzunguka meza ya sebuleni saa nne usiku, zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Biashara iliitoa namba hiyo, na waumini wakaipokea kama aya.

Hata kama kurasa zote mbili zingekuwa safi, angebaki karani mwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, watu wenye unene waliodai kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo walipimwa kwa njia za kisayansi, ikaonekana kwamba walikuwa wameripoti pungufu ya walichokula kwa wastani wa asilimia 47. Daftari linalokosa karibu nusu ya mapato ni kazi ya fasihi, na pengine lipewe tuzo ya uandishi badala ya kupelekwa kwa mshauri wa lishe.

Watetezi wa hesabu hawakosi majibu, na lile linalorudiwa mara nyingi ni kwamba asiyehesabu atakula mpaka apasuke. Kama hivyo ndivyo, vizazi vyote vya Lamu, Unguja na Bagamoyo vilivyokula wali wa nazi kabla ya mwaka 1918 vingepasuka, na historia ya pwani ingekuwa historia ya kuokota vipande. Wengine husema kwamba namba haidanganyi, wakionyesha kwa fahari kuwa simu imeandika chapati ya asubuhi kuwa kalori 237.4. Nukta hiyo ya desimali ni hereni aliyovishwa mtu asiye na masikio: chapati hiyo haikupimwa na yeyote, unga wake ulimiminwa kwa bakuli lenye ufa, na ile nne ya mwisho imekaa pale ili kumtisha anayetaka kuuliza maswali.

Madhara yake hayachekeshi. Mwaka 2017 ilichapishwa ripoti ya Marekani kuhusu watu 105 wenye maradhi ya ulaji, yaani hali ambayo woga wa chakula au wa uzito huharibu afya; takribani robo tatu yao walikuwa wametumia programu moja mashuhuri ya kuhesabu kalori, na takribani robo tatu ya hao waliona kwamba imechangia ugonjwa wao. Dhara lingine ni la umma mzima, kwa sababu daftari humbebesha mtu mmoja mzigo wa jamii. Takwimu za kitaifa za Tanzania za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene, na ni dhihaka kudhani kwamba kilichokosekana ni kalamu. Kilichokosekana ni njia ya waenda kwa miguu isiyogeuzwa kituo cha bodaboda, pamoja na ofisi inayoweza kuendesha semina ya lishe bora bila kuwapa washiriki soda, sambusa na keki saa nne kamili.

Jaribio la Kevin Hall huko Bethesda, Marekani, lililochapishwa mwaka 2019, linaonyesha mahali pa kutazama. Watu 20 walipewa kwa majuma mawili vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na kwa majuma mengine mawili vyakula visivyosindikwa hivyo, huku milo iliyowekwa mezani ikilinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, nao wakaruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku. Namba zilizowekwa mbele yao zililingana, ila chakula hakikulingana, na mlinzi wa ndani alilewa kwa kile cha kiwandani. Anayetaka kulinda uzito wake basi amlinde mlinzi: maharage, mchicha, samaki, matunda na ugali wa dona ndivyo vimpitie mkononi mara nyingi, na vya pakiti vimpitie mara chache.

Kipimo nacho kipo, tena cha zamani. Katika rejista ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1994 ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo kwa mwaka au zaidi, takribani robo tatu hupanda mizani angalau mara moja kwa wiki. Mizani hupima matokeo badala ya kukisia chanzo, na asiye nayo ana tundu la mkanda, ambalo halihitaji chaji. Walimu wa dini ya Kiislamu wamefundisha pwani kwa karne nyingi kwamba tumbo ligawanywe sehemu tatu, ya chakula, ya maji na ya pumzi, na hakuna aliyewahi kuhitaji desimali kuielewa theluthi hiyo.

Yule mshauri wa redioni alikuwa na methali nzuri, ila hakumtazama vizuri mwenye methali. Mwenye duka huandika sukari, huandika unga, huandika mkopo wa jirani, kisha jua linapozama hulifunga daftari, hunawa mikono na kuketi mbele ya sahani yake. Humo ndani ya sahani haandiki kitu, kwa kuwa anajua vyema kwamba saa ya hesabu imekwisha na saa ya kula imefika.